Njia ya Kalalau: Mbona Bonde Huwa Tupu?

Kuna aina ya maandishi ambayo ukishasoma moja umesoma yote. Mwandishi anaamka alfajiri, anafunga kamba za viatu, njia ina matope, anateleza mara mbili, anapishana na wazee wawili wanaorudi ambao wanamwambia "umekaribia, jikaze," halafu miti inaachana ghafla na maji hayo, yanaanguka kutoka juu kabisa. Anavua shati. Maji yana baridi ya kuuma. Anatoka humo anajiona mtu mpya. Basi, makala imekwisha.

Nimesoma makala za namna hiyo kuhusu visiwa vya Hawaii kuliko ninavyopenda kukiri. Tena nazipenda. Ni kama tamthiliya za saa mbili usiku: unajua kitakachotokea na bado hubadilishi chaneli. Mimi Hawaii sijafika, naisoma tu, na kwa sababu naisoma nimeketi kitini, sijachoka wala sijalowa, napata nafasi ya kuuliza jambo ambalo mpanda mlima huenda hana muda nalo. Mbona katika makala zote hizi bonde huwa tupu? Kuna miti, kuna ndege, kuna maji, kuna mwandishi. Watu wengine wote ni watalii wenzake. Yaani mahali pazuri namna ile, penye maji ya kudumu na udongo mweusi, hapakuwahi kukaa mtu?

Tuchukue njia moja, ile maarufu kuliko zote: njia ya Kalalau, kisiwani Kauai, upande wa kaskazini-magharibi ambako magenge yanashuka moja kwa moja hadi baharini. Njia nzima ina kilomita kama 18. Wengi hawaimalizi. Wanaanzia ufuko wa Ke'e, wanatembea kilomita 3 na ushee hadi mdomo wa bonde la Hanakapi'ai, kisha wanaiacha bahari na kupandisha kijito kilomita nyingine 3 hivi, wakikivuka mara kadhaa, hadi kwenye maporomoko ya Hanakapi'ai yenye kimo cha mita 90 hivi. Kwenda na kurudi ni siku nzima. Hii ndiyo safari inayoandikwa kila wiki.

Sasa zisome makala hizo polepole. Karibu zote, mahali fulani katikati, zina sentensi moja kuhusu kuta za mawe zilizoota kuvu msituni, na nyingine kuhusu mabaki ya kinu cha kahawa. Zinazitaja kuta hizo kama mapambo: "ajabu," "za kale," "za fumbo." Halafu mwandishi anaendelea na mianzi na mapera yaliyooza njiani. Jamani, zile kuta si fumbo! Ni kingo za majaruba. Wahawaii wanayaita lo'i, mashamba ya maji yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na kilicholimwa humo ni kalo. Kalo ni nini? Ni magimbi. Nduma, kwa ndugu zetu wa Kenya. Kile kile unachochemsha na kunywea chai asubuhi ndicho kilicholisha bonde lile kwa karne nyingi, na maji ya kulimia yalichepushwa kutoka kijito hicho hicho ambacho mtalii anakivuka akilalamikia viatu vyake. Maporomoko yalikuwa ndiyo mwanzo wa shamba. Kwenye makala yamekuwa mwisho wa matembezi, zawadi ya mtu aliyetoka jasho.

Hata lugha inapingana na makala hizi. Kihawaii kinaita maporomoko wailele: wai ni maji, lele ni kuruka. Maji yanayoruka. Sisi tunasema maporomoko, kana kwamba kitu kimebomoka, na neno hilo hilo tunalitumia udongo unapozika nyumba za watu. (Nani alituachia neno la huzuni kiasi hiki kwa kitu kizuri hivi, sijui, ila nimelizoea na silibadilishi.) Na ukilirudia lile neno la maji, waiwai, unapata mali, utajiri. Lugha iliyojengwa hivyo haiwezi kuyaona maji kama mandhari tu.

Lakini nisiwaonee waandishi wa blogu za safari. Ugonjwa huu wa bonde tupu haukuanza nao. Umo kwenye fasihi yenyewe, tena kwenye hadithi inayosifika kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu njia ile: "Koolau the Leper" ya Jack London, iliyotoka 1909 na kuingia katika mkusanyo wake wa 1912.

Kisa chenyewe kilitokea kweli. Kuanzia 1865 Hawaii ilikuwa na sheria ya kuwatenga wenye ukoma, na mwaka uliofuata watu wakaanza kupelekwa kwenye rasi ya Kalaupapa, kisiwa cha Molokai. Utaratibu huo ulidumu hadi 1969 na watu wapatao 8,000 walipelekwa huko. Ko'olau alikuwa mchunga ng'ombe wa Kauai, mpanda farasi na mpiga shabaha. Alipogundulika kuwa anaumwa, alikubali kwenda endapo mkewe, Pi'ilani, angeruhusiwa kwenda naye. Akakataliwa. Basi wakamchukua mtoto wao wa kiume, Kaleimanu, wakashuka magenge hadi bonde la Kalalau, kule njia inakoishia. Mwaka 1893, miezi michache tu baada ya malkia wa Hawaii kupinduliwa, naibu mkuu wa polisi alimfuata huko na Ko'olau akampiga risasi, akafa. Serikali ya Muda ikaleta askari na mzinga. Wakapiga magenge kwa mizinga, wakapoteza watu, wakaondoka mikono mitupu.

London anaisimulia habari hii kwa nguvu, hilo hatuwezi kumnyima. Anamfungulia Ko'olau hadithi kwa hotuba kali kuhusu wahubiri na wauza pombe waliofika wakiomba ruhusa, na ambao leo wanamiliki kila kitu. Kwa mwandishi Mmarekani wa wakati ule, ni ujasiri. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimpigia makofi. Magenge yapo, mianya yapo, risasi zinaruka, msomaji anashikilia pumzi. Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo kila ninaporudia yananikera zaidi.

La kwanza ni jinsi anavyowaeleza wagonjwa. Anazipitia nyuso moja baada ya nyingine kama mtu anayeonyesha wanyama wa kutisha kwenye maonyesho. Huruma anayo kwa Ko'olau peke yake. Wengine ni kundi, na baadaye ni kundi la wasaliti.

La pili ni zito zaidi. Mke hayupo. Mtoto hayupo. Katika hadithi ya London, Ko'olau anamaliza siku zake peke yake, anatambaa vichakani mvua ikinyesha, anakufa ameikumbatia bunduki. Ni picha nzuri sana, na ni ya uongo. Najua, najua, hadithi ya kubuni haidaiwi ukweli wa polisi. Mwandishi ana haki ya kubadilisha. Ila hebu tujiulize amebadilisha nini na kwa faida gani. Amemwondoa mtu ambaye ndiye sababu ya yote: Ko'olau hakukataa kwenda Molokai kwa kuwa alipenda magenge, alikataa kutenganishwa na mkewe. Ukimtoa mke, uasi unabaki hauna chanzo, na London anajaza nafasi hiyo kwa kitu alichokuwa nacho tele, mwanamume mmoja dhidi ya ulimwengu. Na mwanamume mmoja anahitaji nini ili apendeze? Anahitaji bonde tupu. Hapo ndipo ninapoona damu moja kati ya hadithi hii na zile makala za viatu vya matope. Zote zinamhitaji mtu mmoja, magenge, maji, na kimya.

Sasa, Pi'ilani mwenyewe alisema. Hili ndilo linalonifanya niandike leo. Mwaka 1906, miaka mitatu kabla ya hadithi ya London kutoka, kitabu kilichapishwa Honolulu kwa Kihawaii. Aliyekiandika ni mwanahabari John Sheldon, aliyetumia jina la Kahikina Kelekona, na msimulizi ni Pi'ilani. Kwa Kiingereza tunacho kwa mkono wa mfasiri Frances N. Frazier, na kama kiko karibu nawe, soma hicho kwanza kabla ya London. Ukianza na London utakuwa unamtafuta Ko'olau wake ukurasa baada ya ukurasa, na hutampata.

Utakachopata ni familia. Familia inayokula. Samaki wadogo na kamba wa kijitoni, magimbi, ndizi. Inayohama usiku ili isionekane, inayojifunza kukaa kimya askari wanapopita karibu. Na majina! Kila pango, kila mkondo, kila bega la mlima lina jina, na Pi'ilani anayataja yote kama mtu anayetaja majirani. Mtoto anaugua, anakufa, wanamzika. Kisha baba naye. Pi'ilani anamzika mumewe peke yake, na bunduki anaiweka kaburini pamoja naye. Linganisha picha hizo mbili za bunduki. Kwa London, mtu anakufa ameishika kwa sababu hana kingine cha kushika. Kwa Pi'ilani, kuna mikono ya mtu mwingine inayoiweka. Hiyo mikono ndiyo London aliyoifuta.

Nisikisifu kitabu hiki kupita kiasi. Sheldon alikuwa na kalamu ya maua mengi. Kuna kurasa ambazo unahisi mwanahabari ameshika usukani na mama wa watu amekaa kiti cha nyuma, na maombolezo mengine ni marefu kiasi kwamba hujui ni ya nani. Hili kwetu si geni. Tunacho kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, ambamo wasafiri wetu wa pwani wanazungumza na Mjerumani ndiye anayekusanya na kuchapa. Kila anayekisoma inabidi aulize ni wapi sauti ya msafiri inaishia. Lakini ona jinsi wasafiri wale wanavyosimulia. Wanakuambia walikula nini, nani alidai hongo, mto ulivukwaje, mwenye mji anaitwa nani. Hawana bonde tupu hata moja, kwa sababu katika bonde tupu hungepata chakula. Pi'ilani yuko karibu na hao kuliko alivyo karibu na London.

Mshairi W. S. Merwin, aliyeishi kisiwani Maui kwa miongo kadhaa, alijaribu kurekebisha mambo mwaka 1998 kwa utenzi mrefu uitwao The Folding Cliffs: sehemu saba, kila sehemu vipande arobaini, bila nukta wala mkato. Pi'ilani amerudi katikati. Ni kazi ya heshima na mahali pengine inachosha. Mimi nilikwama sehemu ya pili ambako ukoo wote unaelezwa, nikaiacha, nikairudia baadaye. Bila nukta unalazimika kusoma kama mtu anayepanda, ukitafuta mwenyewe pa kupumzika. Sijui kama alikusudia. Kwangu ilifanya kazi.

Mtu ataniambia: sawa, hayo ni ya fasihi, ila mtalii anataka kuona maji tu, ana kosa gani? Hana kosa. Ninachosema ni kwamba maandishi yanayofuta wenyeji yanafuta pia walichokuwa wanakijua, na hapo mambo huacha kuwa ya fasihi.

Kisiwani Oahu kuna maporomoko yanayoitwa Kaliuwa'a. Jina hilo linahusu mtumbwi, tumbo lake la ndani, kwa sababu ya mifereji iliyochongeka kwenye jabali kama ubavu wa chombo. Simulizi za wenyeji zinasema Kamapua'a, mungu-nguruwe, aliegemea jabali pale jeshi la chifu Olopana lilipokuwa likimfukuza, jamaa zake wakapanda juu ya mgongo wake wakaokoka, na alama ya mwili wake ikabaki. Na kulikuwa na desturi: anayeingia kwenye korongo lile aweke jani chini ya jiwe njiani, ili mawe yasimwangukie. Kwa watalii mahali pakabatizwa jina la Kiingereza lenye maana ya Maporomoko Matakatifu, jina ambalo lingeweza kubandikwa popote duniani. Ile habari ya jani na jiwe ikawa kionjo cha vitabu vya mwongozo, kitu cha kuchekesha wageni.

Tarehe 9 Mei 1999, Jumapili ya Siku ya Mama, sehemu ya ukuta wa korongo iliporomoka juu ya watu waliokuwa wakipumzika kwenye dimbwi. Watu 8 walikufa, makumi wakajeruhiwa. Hifadhi ikafungwa.

Sisemi jani lingewaokoa. Ninachosema ni kwamba ile desturi ilikuwa maandishi, na ilikuwa na maana moja iliyo wazi kabisa: hapa mawe huanguka. Mtu aliyelazimika kuinama aweke jani ameshaambiwa. Jina la watalii halikumwambia chochote ila kwamba atapapenda. Kama kazi ya uhakiki ni kuonyesha tofauti kati ya tafsiri njema na mbovu, sijui mfano mwingine ulio mchungu kuliko huu.

Haina maana kwamba mgeni hawezi kuandika vizuri. Isabella Bird, Mwingereza, alifika Hawaii mwaka 1873 na kitabu chake kikatoka 1875. Alikwenda bonde la Waipi'o kuyaona maporomoko ya Hi'ilawe, na tofauti na warithi wake wa leo, hasafiri peke yake hata kwenye ukurasa. Msichana Deborah yupo, kijana Kaluna yupo, wenyeji wanaomlaza na kumlisha wapo, na vijito vinapofurika njiani anatuonyesha wazi kwamba maisha yake yako mikononi mwa watu wanaokijua kila kivuko. Anawadharau? Mara nyingine ndiyo, hasa Kaluna, anamwandika kama mtoto aliyekosa malezi. Inaudhi. Lakini angalau yupo ili tuudhike kwa ajili yake.

Na kuna kimya kingine, cha maji yenyewe. Barabara ya kwenda Hana, mashariki mwa Maui, inasifiwa kwa maporomoko yake kila baada ya kona. Ni makala chache zinazokuambia kwamba tangu mfereji mkubwa wa kwanza kukamilika mwaka 1878 maji ya vijito vile yalikuwa yakivutwa kupelekwa kwenye miwa upande wa pili wa kisiwa, na wakulima wa kalo waliobaki chini walikuwa wakitazama mawe makavu. Shamba la mwisho la miwa lilifungwa mwaka 2016, na 2018 tume ya maji ya jimbo ikaamuru mikondo mingi irudishiwe maji. Kwa hiyo mtalii anayepiga picha poromoko limejaa leo anapiga picha ya kesi iliyochukua miaka mingi. Hiyo ni hadithi, tena tamu. Mbona haiandikwi?

Rudi nami Kauai kidogo. Aprili 2018, huko Waipa, si mbali na mwanzo wa njia ya Kalalau, ilinyesha mvua ya milimita 1,262 ndani ya saa 24. Hiyo ni zaidi ya mvua ambayo Dar es Salaam huipata kwa mwaka mzima, kwa wastani. Barabara ikakatika na njia ikafungwa kwa zaidi ya mwaka. Ilipofunguliwa Juni 2019, utaratibu ulikuwa mwingine: wageni 900 tu kwa siku, mahali ambapo zamani walimiminika zaidi ya 2,000, na lazima uweke nafasi mapema. Mkazi wa Hawaii hahitaji. Na pale pale Ha'ena, kabla hujaanza kupanda, kuna majaruba ya magimbi ambayo wenyeji wameyafufua kwa mikono yao.

Nilikuwa na hamu ya kuona makala za safari zitafanya nini na hilo. Nyingi zimefanya jambo moja: zimeongeza aya ya kulalamika kuhusu kuweka nafasi, jinsi tiketi zinavyoisha usiku wa manane, kisha zikarudi kwenye matope na shati. Ila hivi karibuni nimekutana na moja, ya mwandishi ambaye sikuwa namjua, aliyekosa nafasi ya kupanda hadi juu kwa sababu kijito kilikuwa kimejaa. Akarudi chini, akakaa ukingoni mwa majaruba akimtazama mtu aking'oa magugu. Anaandika kwamba alimuuliza maji haya yanatoka wapi, na yule mtu, bila kuinuka, akaelekeza kidole juu mlimani. Makala inaishia hapo, fupi, haina hata picha ya poromoko. Nimeisoma mara tatu.